Macho Yasiyoshuka Kwenye Sahani

Maneno yalinifikia sokoni yakaning'ang'ania kama kupe: eti mkwe wangu anamtilia mwanangu kitu kwenye chakula. Na kweli, mwanangu, fundi cherehani, alikuwa amekakamaa, anaanguka chali bila kusukumwa, na sahani ya mkewe haitazami kabisa. Nikahamia kwao nilinde sufuria.

Siku hiyohiyo nikamwona mkwe anafudikiza ndoo mezani na kuweka sahani juu yake, karibu na kidevu cha mumewe.

"Hiyo nayo dawa ya nani?" nikamuuliza.

"Mama, macho yake hayashuki. Mwonyeshe kijiko uone."

Nikakishusha kijiko hadi magotini pake. Mwanangu akaendelea kuukodolea macho ukuta. Nilipokipandisha, akakiona.

"Mama, unanitega kama kuku?" Sauti ya mwanangu ilicheka, uso ukabaki mkavu.

Bado sikuridhika. Nikawafuata hadi kwa daktari, nikamuuliza habari ya sumu mbele ya mkwe. Akasema hakuna sumu. Ni ugonjwa wa ubongo, wa nadra. Unafanana na ule wa kutetemeka uitwao Parkinson, lakini huu hukaza shingo, humwangusha mtu kinyumenyume na kuyazuia macho kutazama chini. Hauna tiba, dawa humtuliza kidogo tu, na chakula kinaweza kumpalia.

Nikamwachia mkwe sufuria yake.

Nanyi wenye mgonjwa wa namna hii, epukeni haya:

Kumwacha ashuke ngazi peke yake.
Kumnywesha chai akiwa amelala.
Kumharakisha anapotafuna au anapojibu.
Kutandika mkeka anapopita.
Kumwachisha dawa bila ushauri wa daktari.