Vyakula Alivyokatazwa Kokulinda

"Fungua," nilimwambia, na mdogo wangu Kokulinda akafungua mdomo kama mtoto anayepokea komunyo ya kwanza. Nikamulika kwa tochi. Utando mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, ulikuwa umefunika ulimi wote na kushuka kooni.

"Umepungua," nikasema.

Haukuwa umepungua. Lakini siku ile ilikuwa ya kumi na tisa tangu nianze kumtibu mwenyewe, na kipeperushi kilisema kwamba ikifika siku ya ishirini na moja hamira yote ya tumboni itakuwa imekufa kwa njaa. Mimi ni mtu wa maandishi. Kilichoandikwa, hasa kilichoandikwa kwa Kiingereza, nilikiamini kuliko macho yangu.

Nieleze, maana nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka ishirini na limenichosha. Mwaka tisini na saba nilikuwa nimeshapunguzwa kazi. Nilikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya umma pale Mwanza, nikipiga chapa barua za mameneja na kuwasahihishia Kiingereza chao kimyakimya. Kampuni ikauzwa, tukapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Mjini kila kitu kikawa biashara: mitumba, minofu ya sangara, hata uponyaji. Ndipo Modesta, tuliyekuwa tukikaa naye ofisi moja, akaja nyumbani kwangu Igogo akiwa na suti ya kijani na begi la makopo.

Alikuwa ametoka semina hotelini. Akanifundisha kwamba chakula kisiposagwa vizuri tumboni hugeuka malisho ya hamira, ile ile ya kuumulia maandazi, nayo huzaliana mpaka ikatokea mdomoni. Kopo la kwanza lilikuwa la vimeng'enya, vya kusaga chakula. La pili lilikuwa la mitishamba, majani na magome yaliyosagwa yakatiwa kwenye kapsuli. "Hakuna kemikali humu, Bernadeta," alisema. "Hiki ni chakula, si dawa."

Nikanunua. Sikuwa mjinga, na hapo ndipo uchungu ulipo: mjinga angeuliza.

Maana hospitali tulikuwa tumeshakwenda. Daktari, kijana mpole, alimpa Kokulinda dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni, kisha akaniita pembeni. "Dada, utando huu kwa mtu mzima, pamoja na kuharisha na kukonda, hauji bure. Tumpime damu. Tukijua, tutajua namna ya kumtunza."

Nilimwelewa. Nani asingemwelewa miaka ile, tena Mhaya? Kwetu Kanyigo, kule Bukoba, kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Lakini Kokulinda alikuwa mwalimu, mjane wa mtu aliyeheshimika, na mimi sikutaka neno lile liguse jina lake, wala langu. Nikamwambia daktari tutarudi. Modesta aliponijia na makopo yake wiki ile ile, niliimwaga dawa ya zambarau mtaroni kwa sababu ni kemikali. Hamira ilinifaa. Hamira mtu anaweza kuitaja mbele ya majirani.

Kipeperushi alichoniachia Modesta kilikuwa na orodha ya vilivyokatazwa: sukari, unga, maziwa, chochote kilichochachuka, na katikati ya hivyo, ndizi. Ndizi! Kwa Mhaya! Kwetu mtu atakula wali sahani mbili na ugali juu yake, na ukimuuliza atakwambia tangu asubuhi hajala, kwa kuwa hajaona ndizi. Aliyeandika karatasi ile hakujua anamkataza nani nini. Mimi nilijua, nikakataza. Nilimpa mchuzi wa mchicha, maji ya uvuguvugu, na kapsuli tatu kabla ya kila mlo ambao haukuwepo.

Siku ya kumi na mbili meli iliyotoka Bukoba ilileta mkungu kutoka kwa mama, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na ujumbe kupitia kwa abiria mmoja: apikiwe Koku, kwa maharage. Niliuweka jikoni. Kokulinda alisikia harufu ya majani akiwa kitandani.

"Dada, moja tu. Nitaitafuna, nitaitema."

"Utakuwa unailisha hamira, Koku. Vumilia. Zimebaki siku tisa."

"Na mimi je, nani ananilisha?"

Nilimgombeza. Nilimwambia hana nidhamu, amezoea kudekezwa tangu utoto. Mkungu nikampelekea jirani yetu Mama Masalu, Msukuma wa Kisesa ambaye hakuwahi kukaa darasani. Aliupokea bila furaha.

"Mama Odeta," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake, "kwetu mgonjwa anapewa kile roho yake inataka. Akitaka udongo, mpe udongo."

"Mngekuwa mmesoma, Mama Masalu, mngejua."

Aliuingiza mkungu jikoni kwake. Jioni alikuja na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa: ndizi zile zile, zimepikwa mpaka zikalainika, zimepondwa kwa ajili ya mtu mwenye koo bovu. Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikala mimi. Nilikula nimesimama, kwa uchovu na njaa ya kuuguza, na upande wa pili wa pazia Kokulinda alikuwa anasikia kijiko kikigonga bakuli. Tangu siku ile hakuomba tena.

Alifariki siku ya ishirini, saa nne asubuhi, akiwa mwepesi hata nilimgeuza kwa mkono mmoja. Sisemi ndizi zingemponya. Ugonjwa ule, wakati ule, haukuwa na msamaha. Nasema alikufa na njaa, na njaa ile haikuletwa na ugonjwa. Niliileta mimi.

Modesta alikuja msibani akalia machozi ya kweli. "Pole, mwenzangu," alisema. "Ilibaki siku moja tu."

Tulimpeleka Kanyigo kwa meli, tukamzika karibu na baba. Usiku wa mazishi ulipita, na kesho yake mama akaniita nikae karibu naye kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, wanawake wa kijiji wakiwa wamejaa nyuma yetu.

"Ule mkungu ulifika?"

"Ulifika, mama."

"Akala?"

Nilitazama miguu yangu. "Alikula. Alikula akashiba."

Mama akanishika mkono, akalia kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Nilijua anaumwa nini tangu mumewe alipokufa," alisema. "Hilo halikunitisha. Nilichoogopa ni njaa. Nimeona watu wakiwanyima wagonjwa kama yeye chakula, wakisema ni hasara. Wewe hukumnyima mwanangu."

Kisha akawageukia wanawake, akawaeleza kwa sauti jinsi nilivyomlisha mdogo wangu mpaka siku ya mwisho. Wakaja mmoja mmoja kunishika mabega na kunishukuru.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Kila aliponitambulisha kwa mgeni, alianza na habari hiyo.