Kitalu cha Mama Miche

Ukame uliiua mivule ikiwa imesimama. Ilinyauka kuanzia kileleni, ikapukutisha majani, ikabaki matawi matupu. Mama Miche, msimamizi wa kitalu cha idara ya misitu, hakukata tamaa. "Mvua ikirudi, msitu nao utarudi," aliwaambia wenzake, na aliamini.

Mvua ikarudi. Akaipanda miche aliyokuwa ameilea kwa maji ya kubeba kichwani. Lakini matawi yale hayakuwa na jani la kuikinga, jua likaipiga utosini mpaka ikawa vijiti. Mahali pake zikaota nyasi ndefu, na ndani ya nyasi, migunga yenye miiba.

Akapanda tena. Safari hii moto ulipita kwenye nyasi ukateketeza kila kitu. Migunga tu ndiyo iliyochipua upya.

Mdogo wake wa kiume, mrina asali, alikuja kumuaga, mizinga mitupu ikiwa nyuma ya baiskeli.

"Dada, nahama. Nyuki wameshaondoka, mimi nabaki kufanya nini?"

"Vuta subira kidogo. Nimeotesha mingine."

"Wewe una subira kwa sababu una mshahara. Nyuki hawalipwi." Alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Hapa hapatakuwa msitu tena, dada. Unajua kunishinda."

Mama Miche alimsaidia kukaza kamba za mizinga.

Baadaye akaja mkuu wa idara, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, mivule tuachane nayo. Tuoteshe migunga, ndiyo inayoishi."

"Migunga inaota yenyewe, mkuu. Mimi wa nini?"

"Najua." Mkuu aliangalia viatu vyake. "Lakini kitalu kisipotoa miche, watakifunga."

Basi Mama Miche akang'oa mivule michanga kutoka kwenye viriba vya kuoteshea, akatia mbegu za migunga. Ilikua bila kumsumbua hata kidogo.

Siku ya kupanda aliingia msituni na toroli. Hondohondo waliokuwa wakipiga kelele juu ya mivule hawakuwapo; kanga walikimbia nyasini na vifaranga vyao, wameshazoea. Tawi lilikatika bila upepo, likaanguka nyuma yake. Hakugeuka.

Alizunguka asubuhi nzima akitafuta mahali ambapo mgunga haujaota bado. Hakupaona. Akaegesha toroli, akakaa kando yake juani, miche ikiwa bado imejaa.