Gari Lisilo na Cheti cha Moshi

Gurdip, fundi wa kupima moshi wa magari, alichomoa waya wa mashine yake chini ya usukani, akatikisa kichwa. Gari la Otilia halikufeli kipimo cha moshi, alisema, lakini halikufaulu pia. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake Otilia, Doña Refugio, amejifunika blanketi, miguu imevimba. Keshokutwa ilikuwa zamu yake ya kusafishwa damu hospitali ya mjini Fresno, na basi la kwenda huko lilishafutwa.

"Kuna mtu katoa waya wa betri," Gurdip alisema. "Kompyuta ya gari imesahau kila kitu. Liendeshe wiki moja au mbili, mjini na barabara kuu, likumbuke. Ndipo ulilete."

Mtu huyo hakuhitaji kutafutwa. Aliyemuuzia gari ni Don Eladio, nyapara wa shamba la mizabibu ambako Otilia alikuwa akipogoa. Wafanyakazi wote waliijua taa ya njano ya onyo la injini ya gari lile, na siku ya kuuza ilikuwa imezimika. Kwa kweli mtaani kwao kila mtu hufanya hivyo: unatoa waya, unakunywa kahawa, unaurudisha, taa kwisha. Otilia naye alijua, lakini mwenye shida hachagui, na siku ile alimshukuru Don Eladio kwa mikono miwili.

Ofisi ya magari ilimwambia kwamba bila cheti gari haliwezi kuandikishwa kwa jina lake. Angeweza kupewa kibali cha siku moja, cha kulipeleka kupimwa. Akauliza, sasa hizo wiki za kulikumbusha ataendesha kwa kibali gani? Karani akajibu kwamba yeye si mtunga sheria. Ila kwa sheria hiyo hiyo, akaongeza, cheti ni jukumu la muuzaji.

Otilia alimkuta Don Eladio mwisho wa safu akigawa mikasi ya kupogolea. Alimweleza kwa adabu zote. Wenzake wakainamia mizabibu kana kwamba hawana masikio.

"Nani kakufundisha sheria, dada?"

"Wameniambia ofisini, Don Eladio."

"Basi wakupe na kazi huko huko. Mkasi huu una watu kibao wanaousubiri." Alikuwa bado ameushika. "Nikupe, nisikupe?"

Mwenye nguvu mpishe. Otilia alinyoosha mkono akaupokea.

Alfajiri mbili zilizobaki akaliendesha njia za mashambani, bila kibali, ili gari likumbuke. Zamu ya mama ilipofika hapakuwa na njia ya mashambani ya kufika hospitali. Polisi aliwasimamisha wakitoka barabara kuu, gari halina usajili. Alikuwa kijana mpole. Alimshika Doña Refugio mkono akamketisha kivulini, akamwomba radhi, kisha akaita lori la kuburuta magari. Otilia alimwonyesha kitambulisho cha mgonjwa. Kijana akasema anaelewa, kabisa anaelewa, akaendelea kuandika.

Damu haikusafishwa siku ile. Kesho yake Doña Refugio alichukuliwa na ambulensi akihema kwa shida, na tangu hapo yuko wodini, hawezi kusema. Huko yadi ya magari yaliyokamatwa, ada ya maegesho ilipanda kila siku hadi ikashinda bei ya gari lenyewe, na gari likapigwa mnada. Otilia akarudia kwenda kazini kwa gari la nyapara, nauli ikikatwa kwenye mshahara.

Machipuko ya mizabibu yalipoanza, gari lile lilikuwa limeegeshwa uani kwa Don Eladio, limeoshwa, lina tangazo la kuuzwa kiooni. Shemeji yake Don Eladio hakosi mnada wa yadi ile.

Aliyekuwa akilizunguka ni Nicolasa, mfanyakazi mgeni kutoka Oaxaca, mtoto mgongoni. Aligonga bodi kwa vidole, akainama kutazama matairi. Don Eladio alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Dada, nasikia wewe ulikuwa nalo," Nicolasa alisema. "Ni zima?"

Otilia alimtazama mtoto, akamtazama Don Eladio. Mavuno yalikuwa yanakuja, na orodha ya watakaopewa kazi anaiandika nyapara.

"Injini yake nzuri," alisema. "Halijanisumbua."