Nyumba ya Kunong'ona

Mjukuu wangu anasomea kuimba chuo kikuu. Niliposema hivyo watu walinicheka. "Kuimba nako kunasomewa?" Nikawajibu, njooni mumsikie anavyoimba akipiga pasi. Ilikuwa mwaka wake wa mwisho, mtihani wa jukwaani umekaribia, ndipo sauti ikamkauka.

Ilianza na mafua. Badala ya kupumzika, akaimba na mafua yake hivyohivyo, mlango kaufunga. Asubuhi moja akaja jikoni, akafungua mdomo aniamkie, ukatoka mlio kama wa bawaba isiyotiwa mafuta. Akashika koo, macho yamemtoka.

"Usiongee, mke mwenzangu," nikamwambia. Ndivyo tunavyoitana, maana tangu mdogo anadai babu yake alikuwa mume wake, mimi nilimkuta.

Basi akaanza kunong'ona. Chai ananong'ona, simu ananong'ona, shikamoo ananong'ona, akidhani anaitunza sauti. Na mtu ukinong'onezwa, nawe unanong'ona, utafanyaje? Tukawa kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Fundi cherehani alipoleta gauni la mtihani, alitusikiliza kidogo, akavua viatu taratibu, akaniinamia sikioni: "Pole, mama. Nani katutoka?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini kicheko cha mjukuu wangu hakikuwa na mlio. Mabega tu yalicheza. Hapo ndipo hofu iliponiingia kwelikweli. Usiku nilikuwa naamka, naenda kusikiliza mlangoni kwake, sijui nasikiliza nini.

Siku moja kabla ya mtihani nikamsindikiza chuoni kufanya mazoezi na mpiga piano. Mwalimu wake wa sauti, mama mmoja mrefu asiyependa utani, alimsikia akinisemesha pale mlangoni.

"Unanong'ona tangu lini?"

"Tangu inipotee, Mwalimu. Naipumzisha."

"Nani kakwambia huko ni kupumzika?" Mwalimu alikuwa amebadilika uso. "Kunong'ona hivyo ni kuikaba! Heri hata ungeongea. Funga mdomo. Usiniambie hata ndiyo."

Mazoezi hayakufanyika. Tukaenda wote watatu moja kwa moja kwa daktari wa koo. Akampitishia puani mrija mwembamba wenye kamera, nasi tukatazama kwenye runinga ukutani. Nilitegemea kuona kitu kikubwa, jinsi anavyoijaza nyumba akiimba. Kumbe sauti ni vijinyuzi viwili tu, vyekundu, vimevimba, kimoja kina doa jeusi.

"Hapa damu imevilia," daktari akasema. "Akiimba kesho kwa nguvu, huenda asidhurike. Huenda pia sauti isirudi ilivyokuwa."

"Hiyo huenda ya pili, baba, ina ukubwa gani?"

Daktari akageukia meza. Alikuwa anafuta mrija wake.

Mwalimu akamwambia, "Naweza kukuombea uimbe mwakani. Wenzako watamaliza, wewe utabaki. Ila ukishaimba nota ya kwanza, mtihani umeanza, hakuna kurudi nyuma. Amua mwenyewe."

Mjukuu wangu akatangulia kutoka. Asubuhi nikamkuta amevaa gauni. Akanigeuzia mgongo nimfunge zipu. Nilitaka kuishika ile zipu nisiipandishe, nimwambie mwanangu, sitaki cheti, nataka unipigie kelele. Lakini koo ni lake. Nikaifunga mpaka juu.

Ukumbini watahini walikaa mbele na kalamu zao. Mimi nilikaa nyuma yao, nimekumbatia mkoba. Huko kwao kuna desturi: mpiga piano haanzi mpaka mwimbaji ainamishe kichwa. Kijana wa piano akainua mikono, akamtazama. Mjukuu wangu akavuta pumzi. Nikaona mbavu zimepanuka ndani ya gauni.

Kichwa hakikuinama.

Mtu mmoja akakohoa. Mikono ya yule kijana ilikuwa bado inaning'inia juu ya piano. Nami nilikuwa nimeacha kupumua, nasema moyoni usiiname, usiiname, na hapohapo naogopa atakavyolia kisipoinama.

Akaishusha ile pumzi. Akaenda mpaka kwenye piano, akakifunga kitabu cha nota, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mwalimu wake akasimama kumsemea.

Nyumbani tukanyamaza sawasawa sasa. Alinigongea kijiko mezani akinihitaji. Fundi akapita, akachungulia, akasema, "Leo hata marehemu hawasemwi?" Hakuna aliyecheka. Doa lilikuwa linafifia, daktari alisema, lakini sauti hakuiahidi.

Siku aliyoruhusiwa kujaribu, alikaa jikoni na glasi ya maji na mrija wa kunywea. Ndivyo walivyomwelekeza: apulize majini huku akiguna, asilazimishe. Niliacha vyombo kwenye karai. Akapuliza. Mapovu yakapanda. Mapovu matupu. Akapumzika, akanitazama, midomo imemkauka. Akapuliza tena. Mapovu. Nikashika ukingo wa meza.

Kisha, chini ya mapovu, kitu kikaguna. Kidogo, chembamba, lakini hakikukwaruza.

Alibaki na mrija mdomoni, machozi yanadondokea glasini, anaogopa kuutoa.

"Usiutoe," nikamwambia, kwa sauti yangu nzima. "Endelea, mke mwenzangu."