Magunia Yalipoisha

Chelimo alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa Mama Kamande. Magunia ya viazi aliyapanga ukutani mpaka juu, maana hakuna kinachomeza mwangwi kama viazi vya Dundori, na simu ya kurekodia akaitundika kwenye msumari katikati ya stoo ya mama huyo. Kamande, mpiga ngoma wake, alikuwa anasafiri Jumatatu kwenda Qatar, miaka miwili ya kulinda maghala ya watu. Leo ni Jumamosi. Demo yao ya kwanza ya thrash, ule muziki wa gitaa la kasi na kufoka, isipopatikana leo, ndiyo basi tena.

Hawakumaliza hata dakika moja, lori likapiga honi nje.

"Kamande! Mnunuzi amefika! Toa gunia!" Wangare, mama yake, alikuwa tayari mlangoni, leso kiunoni.

"Mathe, si ulisema anakuja kesho?" Chelimo akauliza.

"Nilisema. Na amekuja leo. Sasa nimwambie arudi Nairobi juu ya kelele yenu?"

Magunia kumi yakatoka. Wakaanza upya. Yakatoka mengine kumi. Kila mara Kamande alirudi kwenye ngoma akihema, na kila mara ukuta ulikuwa umepungua na sauti imezidi kuparuza. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mpiga ngoma mwenye tiketi ya ndege. Chelimo alisikiliza walichorekodi akataka kulia.

Saa kumi stoo ilikuwa tupu.

"Tupige tu hivyo," Kamande alisema. "Si ni ya mwisho?"

Chelimo akasonya, akapiga. Alipiga kwa hasira ya lori, ya Wangare, na ya Qatar zaidi. Kamande naye alipiga kama mtu anayebomoa nyumba. Mabati yakatetemeka, vumbi likawamwagikia. Na kabla sauti ya mwisho haijafifia, Wangare akapiga kelele mlangoni:

"Basi, Kamande! Basi! Sasa ukienda, nani atanitolea magunia?"

Chelimo nusura arushe gitaa. Mara moja tu wamefika mwisho wa wimbo, na mama wa watu ameuharibu!

Jumanne, chumbani kwake Njoro, alikaa na simu mkononi, tayari kukata zile sekunde tisa za mwisho zenye kelele ya Wangare. Wimbo wenyewe ulikuwa mchafu, unakwaruza masikio, na ndio bora waliowahi kupiga. Viazi vingebaki ukutani, vingeuzima. Simu ikalia.

"Chelimo, ile kelele yenu bado uko nayo?" Alikuwa Wangare.

"Niko nayo, mathe."

"Nitumie. Hii stoo imekuwa kimya sana."

Chelimo akasonya tena, maana hakujua afanye nini kingine. Akautuma wimbo wote, pamoja na zile sekunde tisa.