Nundu ya Mkwe

Sudhangshu alikuwa na njaa ya siku mbili, na njaa yenyewe alijitakia. Tangu juzi alishinda ofisini kwake Kolkata kwa chai na biskuti kavu, akilitunzia tumbo nafasi. Maana ilikuwa inakuja Siku ya Wakwe, ya kwanza tangu aoe, na siku hiyo mama mkwe humlisha mume wa bintiye mpaka mtu ashindwe kuinuka mkekani. Anayekula kidogo amemtukana mpishi. Sudhangshu hakuwa na nia ya kumtukana mtu.

Ndani ya treni ya kwenda Katwa, mji wa wakwe zake, mkewe Jhumur alimpa somo.

"Sikia. Mama amepika siku tatu. Wewe kula tu, na usiseme umeshiba mpaka aseme yeye. Shida ni Baba. Ukijikwaa, ukikwaruzika, hata mbu akikuuma, Baba asijue."

"Kwani atanifanya nini?"

"Atakutibu."

Mzee Haraprasad, baba yake Jhumur, alistaafu posta, lakini barua hazikuwahi kumkaa moyoni. Kilichomkaa moyoni ni sanduku lake la mbao lenye chupa sitini za homeopathia, zile punje nyeupe ndogo kuliko mtama, tamu kama sukari, na kila chupa na ugonjwa wake. Hakusomea popote. Alinunua kitabu kinene, akakisoma miaka thelathini mpaka jalada likang'oka, na mtaa mzima ulipopata jeraha, mteguko au kuumwa na nyuki, ulikuja kukaa kwenye benchi la baraza yake.

"Binamu yangu Bapi alijikata kidole akimenya embe," Jhumur akaendelea. "Akapewa punje, akapigwa marufuku kitunguu, kitunguu saumu, viungo, kahawa, vitu vichachu, mpaka dawa ya meno. Eti vinaua nguvu ya dawa. Wiki nzima uji wa sagu! Kidole kilipona, Bapi mwenyewe ndiye aliyebaki mifupa."

"Sasa nikiumia niseme nini?"

"Sema huna kitu. Basi."

Loo, ushauri wa mke! Mwanamke alisema kwa nia njema, na ndio uliomtia mwenzake motoni.

Walifika saa nne, jua limeshakasirika. Sudhangshu akainama kugusa miguu ya wakwe zake, akakabidhi boksi la vitamutamu vya maziwa na sari ya mama mkwe, akajibu maswali ya safari. Mama mkwe, Bi Labanya, alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mikono ya manjano kwa bizari. Alimtazama mkwe wake kuanzia utosini hadi kidoleni, akasema, "Umekonda, mwanangu," kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza.

Sudhangshu akaenda kunawa uani. Kosa lilifanyika hapo. Bomba lilikuwa karibu na jiko, na mlangoni mwa jiko kulikuwa kunatoka harufu ya nyama ya mbuzi iliyokolea kitunguu, na nyuma yake samaki ilishi wa haradali, na nyuma yake tena kamba wa nazi. Njaa haina adabu. Sudhangshu akatupa jicho huku na huku, akachomoza kichwa achungulie. Sasa, nyumba ile ilijengwa na watu wafupi kwa ajili ya watu wafupi, na Sudhangshu ni mrefu mpaka anaudhi. Paji la uso likakutana na kizingiti cha juu: ba!

Aliona nyota mchana kweupe. Alishika mdomo asipige yowe, akajipapasa, akakuta nundu tayari imeanza kuumuka. Akajimwagia maji, akachana nywele zikaja mbele, akarudi sebuleni akitabasamu kama hakuna lililotokea.

Mzee Haraprasad alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gazeti mkononi, asilolisoma. Jhumur alikuwa ameshamwambia mumewe yaliyompata baba yake. Tangu kijana mmoja mwenye sindano afungue zahanati karibu na soko, benchi la baraza limebaki tupu. Watu wanataka kudungwa, waone damu, waamini wametibiwa. Mgonjwa wa mwisho wa mzee alikuwa paka wa jirani, naye alitoroka kabla ya dozi ya pili. Wiki tatu sasa sanduku halijafunguliwa, na mzee hasemi kitu. Ukimuuliza anajibu yuko salama.

Bi Labanya akamkalisha mkwe wake mkekani. Akamfunga uzi wa manjano mkononi, akampepea kwa kipepeo cha ukindu kilicholoweshwa maji, akaweka matunda sita mbele yake. Kisha akachovya kidole kwenye mtindi ili amtie alama ya baraka. Na alama ile, tangu dunia ianze, hutiwa kwenye paji la uso.

Sudhangshu alikumbuka hilo wakati kidole kimebakiza inchi mbili.

Mama mkwe akasogeza nywele, akabonyeza.

"Mama yangu weee!"

Gazeti likaanguka. Mzee Haraprasad alikuwa ameshasimama.

"Nini hicho?"

"Si kitu, baba."

"Hana kitu, Baba," Jhumur akadakia, macho yamemtoka. "Ndivyo alivyo. Hupiga kelele tu."

Mzee akasogea taratibu, kama mtu anayemnyemelea kuku. "Nundu hiyo. Inauma?"

"Hata kidogo, baba. Sina kitu. Mzima kabisa."

"Ungependa niondoke, nikuache?"

"Usijisumbue, baba. Rudi zako ukasome gazeti."

Mzee akakimbilia kabatini, akarudi na kitabu, wala hakuhitaji kutafuta ukurasa. "Aliyepigwa akavimba, naye anasema hana kitu!" akapaza sauti. "Anamfukuza tabibu! Arnika! Mgonjwa wa dawa ya Arnika mwenyewe, amekaa mkekani kwangu! Miaka thelathini nausoma mstari huu, sijapata kumwona mtu aliyeufuata neno kwa neno!"

"Baba, lakini kweli sina kitu..."

"Mnamsikia? Anazidi!"

Sudhangshu akamtazama mkewe. Jhumur akatazama dari. Kadiri Sudhangshu alivyokana ndivyo alivyozama.

Sanduku likafunguliwa. Mzee akauliza kama kitanda huwa anakiona kigumu, kama anaota wezi, kama hupenda kulala kichwa kikiwa chini. Sudhangshu akajibu kuwa usiku uliopita aliota samaki. Mzee akaliandika hilo nalo. Halafu akamimina punje nne kwenye kifuniko cha chupa, maana mkono haugusi dawa ile, akamdondoshea ulimini. Zilikuwa tamu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha kwanza cha maana alichoonja kwa siku mbili.

"Kila baada ya saa moja," mzee akasema. "Na leo mpaka kesho asubuhi, hakuna kitunguu. Hakuna saumu. Haradali, viungo, vitu vichachu, hapana. Papai bichi la kuchemsha, na wali laini."

Bi Labanya alikuwa mlangoni, sinia mkononi. "Unasemaje, Baba Jhumur?"

"Ni matibabu, Mama Jhumur."

"Matibabu! Kichwa cha mtoto kimegonga ubao! Mimi nimewatoa akina Jhumur matuta kama hayo kwa kijiko baridi!"

"Ndiyo maana Jhumur anaumwa kichwa mpaka leo."

"Ninaumwa kichwa kwa ajili yenu wawili," akasema Jhumur.

Bi Labanya hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Miaka ishirini na sita. Tangu nilipomzaa huyu ninaingoja siku hii. Kila mwaka naona majirani wanapokea wakwe zao, nami najiambia, Labanya, ngoja, zamu yako inakuja." Akageuka, akaenda kufunika vyungu kimoja kimoja, na sauti ya kila kifuniko ilimchoma Sudhangshu tumboni na moyoni kwa pamoja.

Angeweza kukataa. Ni punje za sukari tu, angesema, naomba sahani yangu. Lakini pale dirishani mzee alikuwa anaandika jina lake katika daftari la wagonjwa, kwa mwandiko wa posta, herufi moja moja, na uso wake ulikuwa umerudi ujana. Akikataa, sanduku lile halitafunguliwa tena. Akikubali, amemvunja moyo mama wa watu. Akapiga moyo konde, akala papai la kuchemsha. Halikuwa na ladha yoyote, likashuka tumboni bila kubisha hodi.

"Nami nitakula hilohilo," mzee akatangaza. "Tabibu hali anachomkataza mgonjwa."

Mchana watu walijilaza, jua likiwa kali hata mbwa hawabweki. Sudhangshu akajigeuza mara saba. Mara ya nane akainuka, akanyata hadi uani. Kipande kimoja tu, alijiambia, na mama mkwe atakiona kimepungua, atajua kwamba alitaka. Mlangoni safari hii aliinama mpaka akakaribia kutambaa.

Ndani ya jiko, mbele ya chungu cha mbuzi, alikuwa amechuchumaa mzee Haraprasad, mfupa mkononi, mchuzi umemtiririka hadi kwenye kiwiko.

Wakatazamana.

Mzee akaruka wima. Juu yake kulikuwa na rafu ya vyungu, na rafu haikuwa na habari. Kwa!

"Baba! Umeumia?"

"Sina kitu!" akasema mzee, mkono utosini.

Neno lilipomtoka, akalisikia mwenyewe. Akafumba macho.

"Hebu rudia, Baba Jhumur," ikasema sauti mlangoni. Bi Labanya alikuwa amesimama pale na kipepeo chake mkononi, na nyuma yake Jhumur, pindo la sari mdomoni akizuia kicheko.

"Sijasema kitu, Mama Jhumur."

"Umesema huna kitu. Inauma?"

"Hapana."

"Ungependa niondoke, nikuache?"

Mzee akapangusa mchuzi kiwikoni. Miaka thelathini ya kitabu ilikuwa inamsuta. "Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo.

"Jhumur, lete sanduku na kitabu. Mganga hajigangi, leo tutamganga sisi."

Na alijua kazi, mama yule! Aliipata chupa ya Arnika bila kusoma kibandiko, akamimina punje nne kwenye kifuniko pasipo kuzigusa. "Fungua mdomo." Mzee akafungua. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Na wewe, mwanangu, niambie ukweli. Kichwa kinauma au hakiumi?"

Sudhangshu akatazama chungu. Akatazama kitabu kwapani mwa Jhumur. Hapo ndipo akili ilipomrudia.

"Kinauma, mama!" akapiga kelele. "Kinauma tangu asubuhi! Kinagonga kama ngoma! Nilijigonga nikichungulia nyama yako!"

"Umemsikia?" Bi Labanya akamwambia mumewe. "Analalamika. Mtu wa Arnika halalamiki. Kitabu ni chako, si changu."

Mzee alikuwa mwongo wa nyama, lakini kwa kitabu chake hakuwahi kusema uongo. "Ni kweli," akasema. "Mgonjwa aliyekana akianza kulalamika, amepata nafuu. Na akipata nafuu, dawa huachwa." Uso ukamng'aa. "Kumbe imefanya kazi!"

"Imefanya, baba," akasema Sudhangshu, na aliapa kwa dhati, maana alikuwa ameshapewa sahani.

Daftari likaletwa. Mbele ya jina la Sudhangshu mzee akaandika: *Amepona.*

Basi karamu ikaandaliwa saa kumi jioni. Mikate ya kukaanga iliyofura, dali ya dengu, kamba wa nazi, ilishi wa haradali, mbuzi, chatine ya embe, mtindi mtamu. Sudhangshu alikula bila aibu. Bi Labanya alikaa pembeni akimpepea, na kila sahani ilipokaribia kwisha aliongeza, huku machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, asijue afute kipi. "Kula, mwanangu. Bado hujala."

Upande wa pili wa mkeka alikaa mzee Haraprasad na bakuli la papai la kuchemsha, maana sasa mgonjwa wa Arnika alikuwa yeye. Alilikoroga. Alitazama kamba wakipita. Aliwatazama ilishi wakipita. Hakusema kitu, kama ambavyo hakusema kitu alipostaafu, wala wagonjwa walipohama mmoja mmoja kwenda kwenye sindano.

"Mama Jhumur," akaita mwishowe.

"Nini?"

"Inauma."

Kipepeo kikasimama. Jhumur akaacha kutafuna. Katika nyumba ile neno hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwa mzee.

"Inauma wapi?" Bi Labanya akauliza, na sasa hakuwa anatania.

Mzee akaonyesha nundu yake. Kisha, polepole, akanyoosha kidole kuelekea barazani, lilipokaa benchi tupu.

Bi Labanya akalitazama benchi, akamtazama mumewe. Halafu akamuuliza kama mzee mwenyewe anavyowauliza wagonjwa, bila haraka, kichwa upande. "Inazidi ukiwa peke yako, au ukiona mwenzio anakula?"

"Vyote viwili."

Akaondoa bakuli la papai mbele yake. Akachagua kipande cha ilishi cha tumbo, kile chenye mafuta, alichokuwa amemwekea mkwe cha mwisho, akakiweka kwenye sahani safi na mchuzi wake wote wa haradali.

"Dawa imefanya kazi," akasema. "Kula."