Barua ya Kwenda Maskati

Mwaka tisini na sita, mwezi wa nne, mwanangu Levina alilazwa hospitali hapa Ifakara. Ini lilikuwa limeharibika. Daktari aliniita pembeni akaniambia, bibi, kama kuna mtu wa kumwona, aje ndani ya wiki mbili hizi. Watu wote walishakuja. Alibaki mmoja tu, mjukuu wangu Brigita, na Brigita alikuwa Maskati, Uarabuni, akifanya kazi za ndani.

Nilimpigia simu kutoka posta. Alilia kwanza, halafu akasema, "Bibi, pasipoti yangu anayo mama mwenye nyumba. Ni mtu mzima, Kiingereza hajui. Anataka barua ya Kiarabu, aone nani anaumwa. Na usidhani ataniachia kwa mgonjwa yeyote. Mwenzangu aliomba kwenda kumzika mjomba wake, akaambiwa, nyie wajomba zenu hawaishi kufa."

Daktari akaandika barua, lakini kwa Kiingereza. Kasmiri, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa anaondoka Jumatano na basi la saa nne asubuhi, na huko Dar alimjua msichana anayepanda ndege ya Maskati kesho yake. Masika yale barabara ilikuwa tope tupu. Basi likiondoka, hujui lingine litatoka lini, na treni ya wiki ile ilishapita.

Kwa hiyo Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa Lipangalala, barazani kwa Maalim Mpangala. Yeye ni fundi cherehani, anafundisha watoto Kurani, na Kiarabu alikisoma Zanzibar miaka saba. Kiingereza hajui hata kidogo. Ndiyo maana nilikwenda na jirani yangu Viktor, karani mstaafu wa reli, ambaye Kiingereza anakijua na anapenda watu wajue kwamba anakijua.

Maalim alisogeza nguo za watu, akaweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Viktor akavaa miwani.

"Daktari anasema mgonjwa ni shangazi wa Brigita, na hali yake..."

"Shangazi?" nikamkata. "Shangazi wa Brigita yuko Chita, mzima, analima mpunga wake."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa. 'Aunt'. Shuleni tulifundishwa hilo ni shangazi."

Maalim akaweka kalamu chini. "Neno hilo lina maana hiyo tu?"

Viktor akakuna kichwa. Akakubali kwamba linaweza kuwa mama mdogo pia. Na mama mkubwa. Na mke wa mjomba, na mke wa baba mdogo. "Mzungu kawatia wote kapu moja," alisema.

"Mwarabu kapu hilo hana. Dada wa baba ni amma. Dada wa mama ni khala. Wake za wajomba nao wana namna yao ya kutajwa. Nikiandika amma, nimeandika mgonjwa ambaye hayupo." Akanigeukia. "Mama, Levina ni nani wake?"

"Ni mama yake."

"Ndiye aliyemzaa?"

Sikupenda swali lile. Nyumbani kwetu hakuna anayeliuliza. Lakini hata nesi wa hospitali aliniuliza hivyo hivyo, na sikumdanganya. Ndiyo maana daktari akaandika vile. Nikamweleza Maalim kwamba aliyemzaa ni Katarina, mwanangu mkubwa, na Katarina alifariki. Siku ya kuondoa matanga nilimfunga Levina khanga ya marehemu dada yake, nikampa mtoto mgongoni, nikasema mbele ya watu, huyu sasa ni wako. Imekuwa hivyo miaka ishirini na miwili.

"Basi andika mama, twende zetu," alisema Viktor.

"Aliyezaa ni Katarina."

"Ah, Maalim! Vitambaa vya watu unavivuta mpaka vinatosha. Neno moja tu linakushinda?"

"Nguo nikikosea, mwenyewe anarudi kunigombeza. Barua hii ikikosewa hairudi."

Moyo wangu ulitaka kumwambia aandike mama. Neno lilishafika mdomoni. Halafu nikakumbuka jambo.

"Msiandike mama," nilisema. "Siku ya kwanza kule Brigita aliulizwa habari za wazazi. Alimwambia yule mama kwamba mama yake alikufa zamani. Leo akisoma mama anaumwa, atasema binti ni mwongo. Hiyo pasipoti hatutaiona tena."

Viktor akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Naandika khala," alisema Maalim taratibu. "Ndiyo kweli."

"Kweli, lakini haitoshi. Ataambiwa, makhala zenu nao hawaishi."

"Mama, nifanyeje?"

Maalim akaanza kuandika. Nikawa natazama kalamu ikitoka kulia kwenda kushoto, nikisema tu peke yangu, kama mtu anavyosema akiwa na uchungu. "Mtoto wa miezi mitano. Na Levina alikuwa na Salvatory wake wa miezi miwili. Huyu ziwa hili, huyu ziwa hili, usingizi hajui..."

Kalamu ikasimama.

"Umesemaje? Levina alimnyonyesha Brigita?"

"Sasa angempa nini? Ugali?"

"Mara ngapi?"

"Maalim, hayo ni maswali ya kumuuliza bibi kizee? Nani anahesabu?"

"Nijibu, mama! Mara moja? Mbili?"

"Mwaka mzima! Anatembea na bado anamng'ang'ania."

Maalim akaichana karatasi ile. "Mbona hukusema tangu mwanzo? Kwetu Waislamu, mwanamke akimnyonyesha hivyo mtoto mchanga, huyo ni mama yake kisheria. Hata Salvatory hawezi kumwoa Brigita."

"Nani alitaka waoane?" Viktor akaruka.

"Nasema sheria, we mzee! Yule mama wa Maskati, awe mgumu namna gani, jambo hili analijua tangu utoto." Akanitazama. "Naandika yote. Khala yake kwa damu, mama yake kwa maziwa. Utaapa?"

Niliapa kwa namna yetu. Yeye akaitikia kwa namna yake, akaandika bila kuinua kichwa.

Viktor alinipakia kwenye baiskeli. Mara mbili ilitubidi kushuka na kusukuma kwenye tope. Stendi tulikuta basi linanguruma na Kasmiri kasimama mlangoni, mguu mmoja chini.

"Bibi, dereva anataka kuniua!"

Akaipokea barua, akaitia ndani ya shati. Basi likaondoka.

Siku kumi nilikaa na Levina, nikimlowanisha midomo kwa maji. Siku ya kumi na moja Brigita akashuka kwenye treni na begi moja. Njiani kwenda hospitali akanieleza: yule mama aliisoma barua mara mbili, akauliza, "Alikunyonyesha?" Akaingia chumbani, akarudi na pasipoti, akasema, "Mtu haachi mama yake afe peke yake. Nenda."

Tulipoingia wodini Levina alikuwa macho. Alimtazama Brigita kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo. Umekonda."

Brigita akapanda kitandani na viatu vyake. Nesi akafungua mdomo kumkataza. Nikamshika mkono, tukatoka nje.